Shingo Isiyokatwa

Maalim wangu Idrisa,

Kitabu kimefika. Kimekuja kwa posta Jumatatu, nakala sita ndani ya boksi, na jina lako limeandikwa nyuma ya jalada kwa herufi ndogo nyeupe, vile vile ulivyokuwa ukitaka. Nimelifungulia boksi juu ya meza yako, pale penye alama za vikombe vya chai ambazo hukukubali zifutwe. Siku zote kitabu kipya kikifika ulikuwa ukikinusa kwanza, unasema wino wa Wazungu unanuka dawa ya mswaki. Na mimi nikakinusa. Halafu nikakigeuza, nikamwona yule mwanamke, rubani wetu, amesimama juu ya mnara wa mawe ya matumbawe, mabawa yake mapana kama ya samaki taa, miezi miwili iking'aa angani nyuma yake. Nikaitazama shingo. Nzima. Ndefu, imeinuka, laini tangu chini ya sikio mpaka begani. Hakuna mstari.

Nilikaa sakafuni, Maalim. Mtu mzima wa miaka thelathini na tatu nimekaa sakafuni kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

Wewe hujui. Hilo ndilo linaloniua. Umeondoka ukiamini mstari upo, kwa sababu mimi nilikwambia upo. Leo nataka nikwambie kweli, na sina pengine pa kukwambia ila hapa kwenye karatasi yako nzito, ile uliyokuwa ukinigombeza nikiitumia kuandikia mambo ya sokoni.

Huu mwezi wa nne tangu tukuzike. Nyumba ipo hapa Kiponda, chumba chako cha juu kipo, majirani bado wakielekeza mtu wanasema "panda kwa Idrisa wa majini", kwa ajili ya mazimwi uliyoyachora, kana kwamba umetoka kununua mkate. Brashi zako tatu nimeziacha zikauke na rangi, sikuthubutu kuziosha. Paka wako amehamia kwa watu wa nyumba ya pili, hana aibu hata kidogo. Bi Zainabu, mama yako, ni mzima kwa maana ya kwamba anakula akilazimishwa. Macho yake sasa hayaoni hata mwanga wa dirisha. Anakaa chumba cha chini, na kila nikishuka ngazi anajua ni mimi, ananiita kabla sijamwamkia.

Na mimi sichori. Nakaa mbele ya karatasi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nachora duara, nafuta, nachora duara. Walioniletea kazi nimewarudisha. Nimewaambia naumwa, na si uongo sana.

Unakumbuka siku uliyonikuta Uroa? Umekuja na kiti chako cha kukunja na kofia mbaya kuliko zote duniani, unachora mashamba ya mwani maji yakiwa yamekauka, kwa sababu ulikuwa na kitabu cha watu wanaolima chini ya bahari ya sayari nyengine. Mimi nilikuwa hotelini pale jirani, nawapaka wageni hina mikononi. Ulisimama nyuma yangu muda mrefu mpaka nikataka kukuitia mlinzi. Halafu ukasema, "Mkono wako hautetemeki. Kwa nini unaupoteza kwenye maua?" Nilikasirika. Nilikwambia maua hayana kosa. Wiki ya pili nikapanda ngazi za Kiponda nikiwa nimekasirika bado, na sikushuka tena kwa miaka minane.

Ndani ya chumba kile nilikuta dunia ambazo sikujua kuwa zinachorwa na mtu anayekaa mtaa mmoja na muuza mbatata za urojo. Vyombo vya angani vyenye milango ya nakshi na misumari ya shaba. Mji wa Mwezini wenye vichochoro vyembamba na nguo zimeanikwa. Kima punju wa msitu wa Jozani amevaa kofia ya chuma ya safari za nyota, amekaa kwa adabu kama bwana harusi. Na kila mmoja wao, awe mtu, mnyama au zimwi, ana mstari mwembamba umepita shingoni. Nikauliza. Nilifikiri ni urembo.

Ukanihadithia ukiwa unakoroga chai. Ulikuwa kijana, unachora mabango ya maduka, bado hujachora hata sayari moja, ndipo Bi Zainabu alipofungua mkoba wako akakuta karatasi tele za watu wenye macho na meno, wanaocheka. Alilia. Chuoni, kwa mwalimu wake wa Kurani, alifunzwa kwamba mwenye kuchora chenye roho atatakiwa siku ya Kiyama akitie roho alichokichora, naye hatoweza. Ulimwambia wapo masheikh wenye maneno mengine juu ya jambo hilo, hakutaka kuyasikia. Mkabishana mwezi mzima, na mapatano mkayafikia jikoni, yeye akipara samaki. "Chora, Idi, kama kuchora kumeshakuingia. Lakini kila chenye roho ukikate shingo. Kilichokatwa shingo hakimdai mtu roho." Ukakubali, na hukuvunja hata mara moja.

Alipoanza kupoteza macho ukauacha wino. Ukawa unaukata mstari kwa ncha ya wembe, kidogo tu, karatasi ichanike ngozi, isichanike moyo, ili yeye aweze kuusoma kwa kidole. Kila kazi ikimalizika ulishuka nayo, unakaa pembeni ya kitanda chake, unakishika kidole chake unakipeleka shingoni mwa zimwi. Anakipitisha. Anasema, "Haya, mpeleke." Kabla ya hapo picha haikuwa inatoka nyumbani, hata wenyewe wapige simu mara kumi. Mimi nilikuwa nikicheka kwa siri, naona mnacheza, mzee na mama yake. Kwenye kukata hukuniruhusu nikaribie. "Rangi zote ni zako," ulikuwa ukiniambia, "shingo ni kazi yangu."

Na huko mbali mstari ule ndio uliokupa jina. Wasomaji wakaujadili kwenye mitandao kama wanasheria. Mmoja akaandika kwamba viumbe wako wote ni mashine, vichwa vyao vinafunguliwa kama vifuniko vya chupa. Mwengine akaona ni alama ya watumwa. Nilikuwa nakutafsiria, na wewe unacheka mpaka unakohoa. "Waache. Nikiwaambia ni mapatano yangu na mama, wataona nimewapunja." Lakini walipokuja wale wenye kitabu waliotaka mstari uondolewe kwa sababu unatisha watoto, hukucheka. Uliirudisha kazi, na ilikuwa kazi uliyoipenda, ile ya nyangumi anayebeba mji mgongoni.

Hukufika huko kwa bahati tu kama watu wanavyosema. Mimi najua, nimekisikia kisa mara mia. Bwana Kanti, yule Mhindu wa duka la vitabu na karatasi, alikuwa akipewa vitabu vilivyoachwa na wageni mahotelini, vingine majalada yameshachanika. Kiingereza chako kilikuwa cha kuombea maji. Yeye akawa anakusimulia kwa maneno mawili, "hapa kuna mtu kapotea baina ya nyota na mkewe anamngojea," na wewe unachora jalada jipya, yeye analibandika kwa gundi. Mpaka mgeni mmoja akanunua kitabu ambacho kwao alikuwa nacho tayari, kwa ajili ya jalada peke yake, na akawa ni mtu wa kuchapisha vitabu. Bwana Kanti amekibakisha kimoja kabatini kwake. Nilipita juzi akanionesha. Yule mke anayengojea amesimama penye dirisha la mbao kama la nyumba ya pili yetu, na shingoni ana mstari wako wa wino, wa zamani, umenyooka. Nikamrudishia Bwana Kanti kitabu chake haraka, nikaondoka bila ya kuaga vizuri.

Nazunguka, Maalim. Naona mwenyewe kwamba nazunguka.

Figo zilipokushinda ulikuwa umeshamchora rubani mzima isipokuwa shingo na kidevu. Mkono ulikuwa haushiki tena brashi, ulikuwa umevimba, ukiutazama kama mkono wa mtu mwengine. Siku walipokuja kukuchukua kwenda hospitali ulinigeukia pale mlangoni, watu wawili wamekushika, ukasema, "Rukia, malizia shingo. Halafu ukate. Ukishakata ndiyo uipeleke." Nikasema naam. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa shingo, na mara ya kwanza kunipa wembe, yote kwa siku moja.

Nimeichora kwa siku nne. Sijawahi kuchora vile na sitochora tena vile. Ulikuwa ukisema ngozi ina mwanga wake wa ndani, mimi nilikuwa sielewi, na siku ya tatu nikaelewa. Niliweka rangi ya maji tabaka juu ya tabaka, nangoja ikauke, naweka nyengine, mpaka ule mshipa wa pembeni ukaonekana kama unapiga. Nilikiweka kidole karibu yake, nikakirudisha.

Walioniuliza nimewaambia nilichelewa. Kwamba wenye kitabu walikuwa wananihimiza, kwamba nilitaka nipige picha kwanza kwenye skana nikate baadaye, kwamba akili yangu ilikuwa hospitali. Nimelisema mpaka na mimi nikaanza kuliamini. Si kweli. Sikuchelewa na sikusahau. Niliushika wembe. Nilisema bismillahi. Niliuweka chini ya sikio, pale unapoanzia, na nikaona naharibu. Hicho kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyotoka mkononi mwangu, na nilitaka dunia ikione kizima, mara moja tu. Nikauweka wembe ndani ya kikombe cha brashi. Nikaipiga skana, nikaipeleka picha hivyo hivyo kwa mtandao, karatasi yenyewe ikabaki hapa. Na sikumshukia Bi Zainabu, nilimwambia wewe utamwonesha ukirudi.

Halafu nikaja kukutazama. Ulikuwa umegeuka rangi, midomo imekauka, nakupa maji kwa kijiko. Ukauliza, "Ushaipeleka?" Nikasema, "Nshaipeleka, Maalim." Ukauliza, "Na shingo?" Nikasema, "Nshakata."

Ukafumba macho. Nilidhani umelala. Ukasema, "Umekata mwenyewe. Basi umehitimu."

Miaka minane nililingoja neno hilo. Nilikuwa nimeshapanga nitavaa nini siku utakayolisema. Na umenipa juu ya uongo, na siku ya pili yake umekufa, na mimi siwezi kukurudishia. Umeniachia kitu si changu na umefunga mlango! Mara nyengine nakukasirikia. Ungeuliza mara ya pili. Wewe uliyekuwa ukiniuliza mara tano kama nimefunika rangi, ungeuliza mara ya pili tu, ningesema.

Unajua mimi si mtu wa kuogopa sana mambo haya. Nilikuwa nikikufanyia kejeli, nakuuliza zimwi lenye macho sita likipewa roho litakaa wapi, kuna nyumba za kupanga huko? Sasa hali yangu ni nyengine. Naosha vyombo, ghafla nakuona umesimamishwa mahali, rubani yule yuko mbele yako, mzima, anakutazama, na wewe unaambiwa umpulizie, na unatafuta mstari wako kwa kidole huuoni. Unashangaa. Unasema, lakini mwanafunzi wangu alinambia. Sahani nne nimevunja mwezi huu. Sijui kama mtu anaulizwa hivyo, na wewe ulisema hujui. Kinachonitesa ni kwamba mama yako anajua, anaamini kama anavyoamini kuwa kesho jua litatoka, na wewe miaka yote ulikata ili yeye tu apate kulala.

Na yeye nimemdanganya pia. Lifahamu na hilo. Baada ya hitma ya arubaini aliniita, akasema, "Niletee ile ya mwisho ya Idi. Nataka niiguse." Nilipanda juu. Zilikuwa mbili zimesimama ukutani, ukubwa mmoja. Nikachukua kima punju. Nikamshikia kidole chake nikakipeleka shingoni mwa kima, kikapita juu ya mstari wako kutoka mwanzo mpaka mwisho, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziko. "Alhamdulillahi. Kalala salama mwanangu." Nilipanda nikamrudisha kima ukutani, uso nimeugeuza.

Sasa nikwambie ya Jumanne. Kitabu kilipofika sikuweza tena. Nilishuka baada ya alasiri. Alikuwa ameshasikia boksi likipandishwa, akaomba akishike kitabu. Akapitisha kidole juu ya jalada, juu na chini, akasema, "Hiki hakisemi kitu, laini tu. Bora ile niliyoigusa." Hapo nikasema yote. Nimesema kama nilivyokuandikia hapa, na kima nimemtaja, na wembe ndani ya kikombe. Hakulia. Akaniambia nikailete yenyewe. Nikaileta. Kidole chake kikatoka sikioni kikaenda begani, kikarudi, kikaenda tena, polepole, kinatafuta. Mara tatu. Bora angenipiga.

Akauliza, "Na ile nliyoigusa mimi?" Nikasema ni ya kima punju, Bibi. Akasema, "Kima." Basi. Akageukia ukutani mpaka adhana ya magharibi. Mimi sikuondoka. Nilipomletea maji ya udhu ndipo aliposema, bila ya kunigeukia, "Shingo hii kachora nani?"

"Mimi."

"Yote?"

"Yote, Bi Zainabu. Yeye mkono ulikuwa haushiki."

"Basi usimtie mwanangu. Utaulizwa wewe."

Maalim, nilitakiwa niogope. Lakini kitu kilinishuka kifuani, kizito, kikakaa mahali pake. Nikasema, "Naam." Akasema tena, "Umenidanganya mimi, na umemdanganya yeye yuko kitandani anakata roho. Sjakusamehe." Nikasema, "Naam." Akatawadha mkono wa kulia, akatawadha wa kushoto, ndipo akamalizia. "Njoo Alkhamisi na wembe. Utakata mbele yangu."

Leo ni Alkhamisi.

Jana niliwaandikia wenye kitabu, nikawaambia shingo ile si yako, ni yangu, na mstari nimeuacha mimi kwa makusudi, na jina langu liwekwe penye picha ile. Wamejibu kwa upole. Vilivyokwishachapishwa vimeshasambazwa, hawana njia ya kuvirudisha, na jina langu wataliweka wakichapisha tena, kama watachapisha. Hawakufahamu kwa nini namtaka mtu ajue nimekosea. Basi, hawakufahamu. Na watu wa mitandaoni wameshaanza: wanasema mstari umeondoka, maana yake viumbe wa Idrisa wamepata uhuru, na hiyo ndiyo zawadi yake ya mwisho. Wengine wamelia kwa furaha. Nimesoma mpaka nikaizima simu.

Picha yenyewe iko hapa mezani. Asubuhi hii nimeandika jina langu kwenye pembe ya chini, Rukia, kwa wino, si kwa penseli. La kwako nimelipandisha juu, penye miezi na mnara na mabawa, kwa sababu hivyo ni vyako na havina shingo. Wembe nimeutoa ndani ya kikombe. Ulikuwa umeshika kutu kidogo, nimenunua mpya.

Naogopa kukata. Nakwambia kweli, leo sitaki kukuficha kitu. Naogopa kwa sababu ni kizuri bado. Na naogopa kwa sababu hii ndiyo kazi yako ya mwisho isiyomalizika, na nikishaikata imemalizika, nitashuka nayo, Bi Zainabu atasema "Haya," na hakutakuwa na kitu chengine chako cha kungoja.

Nitakata lakini. Hizi nakala sita pia nitazikata, moja moja, na nyengine yoyote nitakayokutana nayo, hata ikiwa mikononi mwa mgeni pale Forodhani, nitamwomba. Zilizotawanyika duniani sizifikii. Hizo niachie mimi. Siku ya Kiyama ikifika, akiletwa yule mwanamke na shingo yake, wewe sema humjui, ulimwacha hana shingo, mwenye naye ni Rukia binti Hamadi wa Uroa. Nitakuwa karibu. Nitasema mwenyewe kabla sijaitwa.

Na lile neno ulilonipa hospitali, lichukue, Maalim. Nalirudisha. Nikilistahiki siku moja utajua, na kama hutojua pia sawa, nitakuwa nimekata shingo zote bila ya kuulizwa mara ya pili.

Lala sasa. Lala kama alivyosema mama yako siku ile nilipomdanganya, ila leo iwe kweli.

Bi Zainabu ananiita kutoka chini. Anauliza kama wembe ninao. Ninao.

Mwanafunzi wako ambaye bado hajahitimu,
Rukia